Somo la Historia: Spika Aliyesomea Sheria

Wengi wenu hapa Kondoa mmekwisha kufika Dodoma mjini, kwa kuuza alizeti au kumtazama mgonjwa, mkaliona jengo la Bunge kwa nje. Leo tuingie ndani, tumtazame mtu mmoja aliyekalia kiti cha mbele: Bwana Samuel Sitta.

Bwana Sitta alizaliwa Urambo, Tabora, mwaka 1942, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliingia Bungeni mwaka 1975, akapata kuwa waziri. Hayo tuyapite upesi. Mwaka 2005 Wabunge walimchagua kuwa Spika, yaani mwenye kuongoza mazungumzo ya Bunge.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 2006 kulikuwa na ukame, mabwawa ya umeme yakapungua maji. Serikali ikafanya mkataba na kampuni iitwayo Richmond ili ilete mitambo ya dharura. Mitambo haikufika kwa wakati. Novemba 2007 Bunge likaunda Kamati Teule, maana yake Wabunge wachache waliowekwa kuchunguza jambo moja tu. Mwenyekiti wake, Dk. Harrison Mwakyembe, naye ni mwanasheria. Februari 2008 taarifa ilisomwa Bungeni, na Waziri Mkuu, Bwana Edward Lowassa, akajiuzulu. Tena yeye na Spika walikuwa chama kimoja, CCM!

Lakini Bwana Lowassa alilalamika kwamba Kamati haikumwita kumhoji. Wewe ungeonaje? Hata wazee wa baraza kijijini, wakiletewa shauri la ng'ombe walioingia shambani, humsikiliza kwanza mwenye ng'ombe. Mimi naona Spika alifanya vema kuiacha taarifa isomwe hadharani, ila neno lile la Bwana Lowassa lilikuwa na uzito wa kisheria.

Mwaka 2010 CCM iliteua wanawake watupu kugombea Uspika, naye akakosa nafasi. Mwaka 2014 alirudi Dodoma katika kiti kingine, Mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba. Wapinzani wengi walitoka nje wakakataa kurudi, yeye akaendelea. Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba. Wananchi walikuwa waipigie kura Aprili 2015, kura ikaahirishwa. Bwana Sitta alifariki Ujerumani tarehe 7 Novemba 2016, akazikwa Urambo, na kura ile ilikuwa bado haijapigwa.

Daftarini andikeni: Spika, kamati, mkataba, katiba. Kwaherini.