The Mountain Between Us

The Mountain Between Us ni filamu ya Marekani ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Hany Abu-Assad, Mpalestina mzaliwa wa Nazareth. Imetokana na riwaya ya Charles Martin. Waigizaji wakuu ni Idris Elba na Kate Winslet.

Ben ni daktari wa upasuaji anayesubiriwa na mgonjwa. Alex ni mpiga picha wa habari anayewahi harusi yake mwenyewe. Hawajuani. Dhoruba inapofuta safari za ndege katika uwanja mmoja wa Idaho, wanakodi ndege ndogo. Rubani, Walter (Beau Bridges), anapatwa na kiharusi angani na kufa, na ndege inaanguka kwenye milima yenye theluji. Kwa kuwa Walter hakuandikisha safari yake, hakuna anayejua waliko. Wanabaki wawili hao na mbwa wa marehemu.

Nguvu ya filamu imo katika mambo madogo: Ben akiufunga gango mguu wa Alex uliovunjika, au Alex akimfyatulia puma bastola ya fataki za ishara, kisha nyama ya mnyama huyo ikawa chakula chao. Tukio linalotisha kuliko yote ni barafu ya ziwa kupasuka chini ya miguu ya Alex na kummeza.

Picha zilipigwa milimani British Columbia, Kanada, katika baridi ya kweli, na pumzi za waigizaji zinaonekana zikitoka kama moshi. Sehemu ya mapenzi kati ya Ben na Alex, kwa upande wake, haina uzito kama ule wa theluji.