Adhabu Iliyoitwa Tiba

Kazi ya mwalimu wa lugha haiishii katika ngeli na vitenzi. Yampasa pia kulipima neno: je, lasema kweli juu ya kitu linachokitaja? Katika historia ya sayansi neno "tiba" limewahi kubebeshwa uongo mkubwa. Habari hizo ni za Uingereza, lakini zinamhusu pia mwalimu wa Kiswahili aliyeko Gashoho, katika Muyinga, kaskazini-mashariki ya Burundi.

Alan Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Mwaka 1936, akiwa Cambridge, aliandika makala ya hisabati kuhusu mashine ya kufikirika, iwezayo kufanya kila hesabu ambayo hatua zake zaweza kuandikwa. Wazo hilo ni miongoni mwa misingi ya kompyuta. Vita Kuu ya Pili ilipozuka alikwenda Bletchley Park. Huko yeye na wenzake walibuni mashine za kufumbua maandishi ya siri ambayo Wajerumani waliyatunga kwa mtambo ulioitwa Enigma. Kazi hiyo ilisaidia kuokoa meli nyingi katika bahari ya Atlantiki, lakini kwa kuwa ilikuwa siri ya serikali, wananchi hawakuijua mpaka miaka ya 1970.

Januari 1952 nyumba yake huko Wilmslow, karibu na Manchester, iliibiwa. Turing akaenda polisi kushitaki wizi. Alipohojiwa alikiri kwamba alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na kijana mwanamume wa miaka 19. Basi mlalamikaji akageuka mshitakiwa, kwa sheria ya mwaka 1885. Tarehe 31 Machi 1952 alitiwa hatiani. Njia zilikuwa mbili: kifungo, au kuachiwa chini ya uangalizi kwa sharti la kutiwa homoni ya kike, estrojeni, kwa muda wa mwaka mmoja ili kuzima hamu zake. Alichagua ya pili.

Hapa ndipo neno linapotaka kupimwa. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Lakini ni hiari gani hii ya kuchagua baina ya jela na dawa? Tiba humtaka mgonjwa, na Turing hakuwa mgonjwa. Tiba hukusudia kumrudishia mtu afya. Hii ilimwondolea nguvu za kiume na kumwotesha matiti. Kibali chake cha kushiriki kazi za siri nacho kilifutwa. Homoni zilikoma mwaka 1953. Tarehe 7 Juni 1954 alifariki, akiwa na umri wa miaka 41. Uchunguzi wa kisheria uliamua kwamba alijiua kwa sumu ya sianidi. Mama yake hakuukubali uamuzi huo. Hatuwezi kudai kwamba homoni ndizo zilizomwua. Twaweza kusema kwamba serikali aliyoitumikia ilimdhili.

Wala yeye hakuwa wa kwanza. Mwaka 1944, katika kambi ya Buchenwald, daktari wa Denmark Carl Værnet aliwapasua wafungwa wanaume waliopenda wanaume na kuwatia homoni miilini. Hayo nayo aliyaita tiba.

Sasa tugeukie Burundi. Kenya, Uganda na Tanganyika zilirithi sheria za namna hii kutoka kwa Waingereza. Burundi ilitawaliwa na Wajerumani, kisha na Wabelgiji, ambao sheria yao ya jinai haikuwaadhibu watu wazima kwa jambo hilo. Ibara ya kuadhibu ilikuja mwaka 2009. Baraza la Seneti liliikataa mwezi Februari, Bunge likairudisha, na tarehe 22 Aprili 2009 Rais Pierre Nkurunziza akatia sahihi. Kifungo kiliwekwa kuwa miezi 3 hadi miaka 2. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyofuta adhabu ya kifo.

Haikupita hata miezi mitano. Tarehe 10 Septemba 2009 Waziri Mkuu wa Uingereza, Gordon Brown, aliomba radhi kwa niaba ya serikali kwa yale aliyotendewa Turing. Msamaha wa Malkia ukafuata Desemba 2013, miaka 59 baada ya mazishi. Katika mwaka mmoja, basi, nchi moja ilikuwa ikijuta, na nyingine ikianza. Mwaka 2023 watu 24 walishitakiwa huko Gitega, na baadhi yao wakatiwa hatiani.

Walimu wenzangu, mwanafunzi wa Gashoho anapoishika simu mkononi, anatumia matunda ya fikra za Turing. Tukimtaja darasani kama baba wa kompyuta kisha tukanyamaza, tumefundisha nusu. Tumfundishe mzima: akili yake, utumishi wake, na jinsi alivyolipwa. Na mwanafunzi akituuliza maana ya "tiba", tumjibu kwamba kitu anachotiwa mtu kwa kutishiwa jela kina jina lake katika Kiswahili, nalo ni adhabu. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwa Turing yalikuja akiwa kaburini.