Vipimo vya Fuvu

Msomaji, weka kidole mbele kidogo ya sikio lako, kisha fumbua kinywa na kukifumba. Utahisi kiungo cha taya kikitembea. Karibu nacho hupita mishipa ya fahamu inayoinua nyusi na kufumba jicho. Mpasuaji akikosea hapo kwa upana wa kidole, mgonjwa huweza kupona taya akabaki na uso uliolegea. Ndiyo maana watu wamejifunza kuipima mifupa ya kichwa.

Uangalifu huo si mgeni katika nchi yetu. Magharibi ya Sotik, ukivuka mpaka wa Chebilat, ni nchi ya Wagusii. Huko walikuwako mafundi walioitwa ababari, ambao walifungua fuvu la mtu aliyepigwa kichwani na kuumwa pasipo kupona. Fundi hakuwa na rula wala kitabu. Alikwangua mfupa kidogo kidogo, asije akatoboa utando unaofunika ubongo. Kipimo chake kilikuwa jicho na mkono wake, na shabaha yake ilikuwa uhai wa mgonjwa.

Lakini si kila aliyepima vichwa alikuwa na shabaha hiyo. Mwaka 1934 daktari F. W. Vint wa Nairobi alichapisha taarifa juu ya bongo za Waafrika wa Kenya waliokufa hospitalini, akadai kuwa zilikuwa duni kuliko za Wazungu. Dkt. H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari aliyashika madai kama hayo, akionya kwamba elimu ya Kizungu haimfai Mwafrika. Hivyo hesabu ya maiti ikataka kumfungia mtoto mlango wa shule. Madai hayo yamekwisha kukataliwa, kwani ukubwa wa ubongo si kipimo cha akili.

Baadaye kazi ya kupima ikarudi kwenye tiba. Mwaka 1979 wapasuaji Al-Kayat na Bramley, huko Uingereza, walichapisha vipimo vya nusu 56 za nyuso za maiti. Waliona kwamba mshipa wa fahamu wa panja huvuka mfupa wa shavu milimita 8 hadi 35 mbele ya tundu la sikio, na wastani wake ni milimita 20. Mpasuaji mwenye busara hautegemei wastani. Huishika ile 8, maana hajui aliyelala mbele yake ni yupi. Baadaye wataalamu wa Nairobi nao walichapisha vipimo vya panja katika mafuvu ya Kenya, ili mpasuaji wa hapa asitegemee vichwa vya ng'ambo peke yake.

Rula ni ile ile. Vint aliitumia kuwapanga watu daraja. Hawa waliitumia kujua mahali pasipoguswa. Basi mwanafunzi akionyeshwa hesabu za miili ya watu, aulize kwanza zimekusanywa kwa faida ya nani.