Kujikana si Kunyang'anywa: Urithi wa Johann Arndt katika Nchi ya Meru

Katika darasa la ubatizo, neno gumu si lile lililo geni tu, bali pia lile tudhanilo kwamba twalijua. Neno la namna hiyo ni kujikana. Mara nyingi mwalimu huliweka mahali pamoja na kujinyima, na wanafunzi hudhani kwamba kufunga chakula kwatosha. Lakini Kiswahili chatenga maneno haya. Ajinyimaye huacha kitu. Ajikanaye huacha kuwa bwana wa nafsi yake. Kumkana mtu ni kusema kwamba humjui. Ajikanaye huiambia nafsi yake vivyo hivyo.

Maana hiyo ndiyo aliyoifundisha Johann Arndt, mchungaji Mjerumani (1555–1621), katika vitabu vinne vya Ukristo wa Kweli, vilivyotolewa kati ya mwaka 1605 na 1610. Aliwaona Wakristo wa siku zake wakishindania mafundisho, na maisha yao yasibadilike. Mwaka 1675 Philipp Spener aliandika dibaji ya mahubiri ya Arndt, na dibaji ile ikawasha uamsho uliotia mizizi katika mji wa Halle. Kutoka Halle walitumwa wamisionari waliofika Tranquebar, Bara Hindi, mwaka 1706. Kazi yao ilirithiwa na Misioni ya Leipzig, iliyoanzishwa Dresden mwaka 1836, nayo ndiyo iliyofika Mlima Meru.

Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wake wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Serikali ya Kijerumani ikalipiza kisasi kwa silaha, na ng'ombe wa wenyeji wakachukuliwa. Misioni ilirudi, ikajenga Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Wale wawili walikuwa wamejitoa wenyewe. Waliochukuliwa ng'ombe hawakujitoa. Mwalimu asimuliaye habari ya kwanza na kuiacha ya pili afundisha nusu.

Jambo hili lilijaribiwa tena mwaka 1951, serikali ya Kiingereza ilipowaondoa Wameru wapata 3,000 katika Engare Nanyuki ili nchi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwanenea mbele ya Umoja wa Mataifa. Je, ilikuwa kukosa kujikana? Hasha. Twasema kujikana na kujinyima. Hapana asemaye kujinyang'anya. Ile silabi -ji- hutiwa na mtendaji mwenyewe, wala hapana awezaye kuitia kwa ajili ya mwenzake.

Arndt naye hakuhesabu kujikana kuwa ni kunyamaza mbele ya mtawala. Mwaka 1590 alipoteza usharika wake wa Badeborn, kwa kuwa hakukubali amri juu ya ibada ya ubatizo iliyopinga dhamiri yake. Aliiacha kazi, hakuiacha kweli.

Basi, mwalimu, ufundishapo neno hili, anza na nafsi yako. Mkono wa mwenzako uuache huru, atoe mwenyewe.