Jina Lililoandikwa: Namna ya Kutafuta Mababu Waliopotea

Katika kitabu cha Esdra, sura ya pili, tunasoma habari ya Waisraeli waliorudi kutoka Babeli. Kati yao walikuwako jamaa za makuhani ambao walitafuta majina yao katika vitabu vya ukoo, wasiyaone. Kwa sababu hiyo wakatolewa katika kazi ya ukuhani. Hatuambiwi kwamba walisema uwongo. Tunaambiwa tu kwamba majina yao hayakuonekana. Basi, jina likikosa kuandikwa, mtu mzima anakosa mahali pake kati ya ndugu zake.

Sisi nasi tunao watu wa namna hiyo. Mwanamume mmoja anafika kwa padri paroko na kusema: “Padri, mama alitoka upande wa ziwa, akafa nikiwa ningali mdogo. Nataka kuwajua watu wake.” Wachumba wawili wanaomba ndoa, na wazee wanaogopa kwamba damu yao ni moja. Mwingine ametukanwa katika shauri la shamba: “Wewe, nkambo wako alinunuliwa kwa kitambaa, huna ukoo hapa.” Haya si maswali ya kupitisha wakati. Yanagusa ndoa, haki na heshima ya watu. Ndiyo maana tumeona vema kueleza namna gani vitabu vya zamani vinaweza kusaidia, na mahali gani vinanyamaza.

Desturi ya kuandika majina katika Eklezia ni ya zamani. Mwaka 1563 Konsilio ya Trento iliamuru kila paroko awe na kitabu cha ndoa, tena aandike katika kitabu cha ubatizo majina ya wazazi wa ubatizo. Mwaka 1614, katika kitabu cha ibada cha Roma, Baba Mtakatifu Paulo V aliwekea maparoko vitabu vitano: cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa, cha hali ya roho, na cha wafu. Kitabu cha hali ya roho ndicho kilichoandika nyumba kwa nyumba watu wote wa parokia, kila jamaa pamoja na watoto wake. Sheria ya Eklezia ya mwaka 1917 ilikaza mambo hayo, tena ikaamuru kila mwisho wa mwaka paroko apeleke kwa askofu nakala ya vitabu vyake, isipokuwa kile cha hali ya roho. Sheria mpya ya mwaka 1983 nayo inataka vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya wafu viandikwe vizuri, na vile vya zamani vilindwe kwa uangalifu.

Sasa tuangalie kwetu, pwani ya Tanganika. Mapadri Weupe walianza Kibanga mwaka 1883. Mwaka 1885 walipokea boma la Mpala. Mwaka 1893 walianzisha Baudouinville, ndiyo Kirungu karibu na Moba ya leo. Katika Wakristu wa kwanza wa misioni hizo, wengi walikuwa watoto waliokombolewa katika mikono ya wafanya biashara ya watumwa. Kwa watu hao kitabu cha misioni kilitangulia karatasi za serikali. Tazameni habari ya Padri Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu hizi. Siku aliyopewa upadri tunaijua kamili: 21 Julai 1917, huko Baudouinville. Lakini mwaka wa kuzaliwa kwake, waandishi hawapatani. Kisa ni nini? Alizaliwa kabla ya kalamu kufika kijijini. Kalamu inaanza siku ya ubatizo. Yaliyotangulia yamebaki katika vinywa vya wazee.

Basi, anayetafuta afuate njia gani? Kwanza aanze na walio hai. Aende kwa mama, kwa mjomba, kwa shangazi, aandike majina yote, hata yale ya utani, na majina ya vijiji, ya mito na ya masultani. Mzee akifa, hakuna nakala yake kwa askofu.

Pili aombe kitabu cha ubatizo, asome na pembeni. Wengi wanasoma mstari wa katikati tu, na hazina iko pembeni. Tangu amri ya mwaka 1907 juu ya ndoa, paroko anayefungisha ndoa anapaswa kupeleka habari katika parokia mtu alikobatizwa, nayo iandikwe karibu na jina lake. Tuseme kijana alibatizwa Kirungu mwaka 1925, akaenda Elisabethville kutafuta kazi, akaoa huko mwaka 1940. Kama maparoko wote wawili walitimiza wajibu wao, kitabu cha Kirungu kitatuambia mahali alipooa na mke aliyemwoa. Hivyo mtu aliyepotea kwa jamaa yake kwa miaka mingi anaonekana katika maneno machache ya Kilatini. Tena kitabu cha ndoa cha Elisabethville kitaturudisha Kirungu, kwa maana ndoa haifungwi bila kuulizwa ubatizo. Na kama kitabu cha parokia kilichomwa au kuliwa na mchwa, kama misioni nyingine zilivyoharibiwa katika uasi wa mwaka 1964, tusikate tamaa kabla ya kuuliza nakala katika makao ya askofu.

Tatu asome majina kwa sikio, asiyasome kwa jicho tu. Padri Mfaransa na padri Mflamanda hawakuandika sauti moja kwa herufi moja. Kilumba na Kirumba huenda ni mtu mmoja. Mwamba na Muamba vilevile. Tena jina lenyewe ni ushuhuda. Kwa Waluba wa Katanga, akiitwa Kabange, tunajua kwamba alizaliwa pacha, na kwamba Kyungu alikuwako. Basi tumtafute naye. Tukumbuke pia amri ya mwaka 1972, wakati wa Zaïre, iliyowakataza watu majina ya Kikristu ya kigeni. Aliyebatizwa Paulo mwaka 1950 huenda hana Paulo katika karatasi zake za mwaka 1975. Na miji nayo ilibadili majina: Elisabethville ikawa Lubumbashi, Albertville ikawa Kalemie.

Nne, zipo hesabu za serikali. Wakati wa Wabeleji, sheria ya mwaka 1910 ilimfunga kila mtu na usultani wake, hata asiweze kutoka siku nyingi pasipo ruhusa. Bwana wa teritware alipita vijijini na karani wake, akaandika watu. Na mwanamume alipewa buku lake lenye jina la kijiji na la sultani. Karatasi hizo zinafaa sana, lakini tujue ziliandikwa kwa shabaha gani. Serikali ilitafuta kodi na wafanyakazi, kwa hiyo ilitazama kwanza wanaume wazima wenye nguvu. Wanawake, wazee na watoto walikuja nyuma. Na watu walioogopa kodi walikimbilia porini siku ya kuhesabiwa. Basi, asiyeonekana katika hesabu, tusiseme upesi kwamba hakuwako.

Hata kitabu cha misioni kina udhaifu wake. Watabwa hufuata ukoo wa mama. Mrithi wa mtu ni mtoto wa dada yake. Lakini aliyeandika alizoea ukoo wa baba, akatanguliza jina la baba. Anayetafuta ukoo wa Kitabwa na asome jina la mama, kisha atafute ndugu wa kiume wa mama huyo. Akifuata baba peke yake, atafika katika nyumba nzuri, lakini si yake.

Yabaki mahali pagumu kuliko pote: pale pa majina ya wazazi, palipoachwa patupu kwa mtoto aliyekombolewa. Mtoto aliibiwa akiwa mdogo, akapita mikono mingi, akasahau. Hapo kitabu hakiwezi kitu, ila kama mtoto mwenyewe alishika neno moja. Ng'ambo ya ziwa, huko Karema, aliishi Adriano Atiman, katekista na mganga, aliyefika mwaka 1889 na kufa mwaka 1956. Aliibiwa utotoni upande wa Timbuktu, mbali sana magharibi ya Afrika, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa uganga Malta. Kwa kuwa yeye mwenyewe alisimulia maisha yake, nayo yakaandikwa, leo tunajua alikotoka. Ni wangapi waliokombolewa kama yeye ambao hakuna aliyewauliza wasimulie?

Neno moja juu ya busara. Vitabu hivi vina siri za watu: mtoto asiye na baba aliyeandikwa, mama aliyenunuliwa, ndoa iliyovunjika. Si kila kweli iliyoandikwa inapaswa kutangazwa chini ya mti. Paroko atoe kwa mwenye haki kile kinachomhusu, asimpe jirani silaha ya matukano. Na yule anayeambiwa kwamba nkambo wake alikombolewa, aelezwe vizuri: aibu ni ya aliyeuza, si ya aliyeuzwa. Siku ya ubatizo aliandikwa katika kitabu kimoja na mtoto wa sultani, kwa wino uleule.

Ninyi makatekista, labda mnaona kazi ya kuandika ni ndogo kuliko kufundisha. Lakini ninyi ndio mnaojua kijiji, mama na mjomba. Padri anaandika yale mnayomletea. Tangu mwaka 1996 vita vimetawanya jamaa nyingi za mashariki ya Kongo, na watoto wanabatizwa mbali na nyumba za mababu zao. Andikeni jina zima, la baba na la mama. Andikeni kijiji walikotoka, si kambi wanamolala tu. Nanyi waseminari, siku mtakapokuwa maparoko na barua ya ndoa ikiwafikia kutoka mbali, msiiache mezani. Ifunguliwe na kuandikwa siku ileile. Baada ya miaka sitini mtu atakuja kugonga mlango wa parokia, akitafuta ndugu zake. Sisi hatutakuwako, na mstari ule ndio utakaomjibu.