Sid Waddell

Sid Waddell (10 Agosti 1940 – 11 Agosti 2012) alikuwa mtangazaji wa mchezo wa vishale kutoka Uingereza. Alizaliwa Alnwick, kaunti ya Northumberland, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, akapata nafasi ya kusoma historia katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Akiwa Yorkshire Television alibuni *The Indoor League*, kipindi cha miaka ya 1970 kilichoingiza michezo ya baa kwenye runinga. Alianza kutangaza vishale BBC mwaka 1978, mashindano ya dunia ya wachezaji wa kulipwa yalipofanyika kwa mara ya kwanza. Mwaka 1994 akahamia Sky. Aliandika pia *Jossy's Giants*, tamthilia ya watoto kuhusu timu ya soka.

Kilichomtofautisha ni ulimi wake. Kwa lafudhi nzito ya kaskazini na sauti iliyopanda kwa kila mia na themanini, alama ya juu kabisa ya zamu moja, alichanganya baa na darasa. Kauli yake maarufu yasema Aleksanda wa Makedonia alilia akiwa na miaka 33 kwa kukosa nchi za kuteka, ilhali mchezaji wa vishale Eric Bristow ana 27 tu. Mwanahistoria angeweza kubishana naye, kwani Aleksanda hakufikisha miaka 33, lakini nani alijali?

Alifariki kwa saratani ya utumbo. Kombe la bingwa wa dunia wa shirika la vishale la PDC sasa linaitwa Sid Waddell Trophy.