Kijapani ao Kiingereza? Mabishano ya vijana wawili wa zamani

Kila mara tukigusa swali la lugha ya masomo, mmoja wetu anasema: "Kiswahili hakina maneno ya sayansi, tubaki na Kifaransa." Mimi naomba leo twende kwanza Japani, sababu wale watu walibishana jambo hilo hilo miaka 150 iliyopita. Wao walikuwa wanapima Kijapani na Kiingereza.

Mwaka 1872, Mori Arinori alikuwa mjumbe wa Japani kule Washington. Alikuwa na miaka 24 tu. Mwaka huo huo serikali yake ilitoa sheria ya kufungua masomo kwa watoto wote wa nchi. Sasa watafundishwa kwa lugha gani? Mori aliona Kijapani ni lugha maskini, haivuki bahari, na maandishi yake yametegemea herufi za Kichina, maelfu kwa maelfu. Kiingereza kilikuwa lugha ya biashara na ya mashine. Basi akamwandikia William Dwight Whitney, profesa wa lugha pale Yale, amuulize: je, Japani ichukue Kiingereza? Lakini alitaka Kiingereza kilichonyooshwa, vitenzi vyote vifuate kanuni moja na maneno yaandikwe vile yanatamkwa.

Hapo Mori alikuwa na haki. Angalieni maneno "though", "through" na "tough": mwisho unaandikwa namna moja, unatamkwa namna tatu. Tena Kiingereza kinabana konsonanti pamoja. "Strike" kwa Mwingereza ni silabi moja. Mjapani anaitamka su-to-ra-i-ku, vipande vitano. Sisi tunamwelewa vizuri! Kijapani kina vokali tano, a, e, i, o, u, kama Kiswahili, na karibu kila silabi inaishia kwa vokali. Sakana (samaki), tamago (yai), kodomo (mtoto): ungedhani ni maneno ya huku kwetu. Lakini kina mitego yake. "Obasan" ni shangazi. Ukivuta "a" ya katikati, "obaasan", umemwita bibi. Na adabu imeingia mpaka ndani ya kitenzi: unavyosema na mkubwa si unavyosema na rafiki. Kiingereza hakina mzigo huo.

Kwa hiyo kwa sauti na kanuni, kila lugha ina uzuri na ugumu wake. Whitney hakumtia Mori moyo. Alimwonya kwamba Kiingereza cha kutengenezwa kitawatenga Wajapani na Waingereza wenyewe, na kwamba taifa zima haliwezi kuelimika haraka kwa lugha ngeni.

Jibu kali zaidi lilitoka kwa kijana mwingine, Baba Tatsui (Baba ni jina la ukoo, msicheke), aliyezaliwa 1850 na alikuwa anasoma Uingereza. Mwaka 1873 alitoa kule London kitabu cha sarufi ya Kijapani, tena kwa Kiingereza, kuonyesha kwamba lugha yake ina kanuni kamili. Hoja yake kubwa ilikuwa hii: tajiri ana nafasi ya kujifunza lugha ngeni, lakini mkulima na mfanyakazi hawana. Nchi itagawanyika, wakubwa upande mmoja, watu upande mwingine, na hawatasikilizana. Alitoa mfano wa India.

Wajapani walifanya nini? Walitunga maneno. Nishi Amane aliunda "tetsugaku" kwa filozofia. Reli ikawa "tetsudo", yaani chuma na njia, sawa na Wafaransa. Simu ikawa "denwa", umeme na mazungumzo. Chuo Kikuu cha Tokyo kilipoanza 1877, walimu wengi walikuwa wageni na masomo mengi yalikuwa kwa lugha za Ulaya. Pole pole Wajapani walichukua nafasi zao na kufundisha kwa Kijapani. Kiingereza hakikufukuzwa, kilibaki somo. Na Mori mwenyewe, alipokuwa waziri wa elimu kuanzia 1885, hakubadilisha lugha ya taifa.

Hata hivyo wazo halikufa. Mwaka 1946, kisha kushindwa vita, mwandishi mkubwa Shiga Naoya alipendekeza Japani ichukue Kifaransa. Yeye mwenyewe hakukijua!

Najua mtaniambia: Japani ilikuwa na lugha moja kubwa yenye vitabu vya miaka zaidi ya elfu, sisi tuna lugha za taifa nne na Kifaransa juu yake. Ni kweli, hatuwezi kunakili. Lakini swali la Baba linatuhusu kabisa: wakati tunasoma hivi, nani anabaki nje? Mimi naona maneno ya sayansi hayaanguki toka mbinguni. Yanatungwa na watu waliosoma, na watu hao ndio sisi.

Basi naleta ombi moja. Wewe uliyemaliza TFC yako, iandike tena kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, mama yako asome ao asomewe. Pale utakapokwama kwa neno, tuletee hapa tulitafute pamoja.